Pipeti ya 1000 inanipa 986, nizungushe visi ao niache?

mutoto_wa_himbi (Goma)
Wakubwa wa labo salamu. Niko na pipeti (kifaa cha kuvuta maji kwa kipimo) ya mikrolita 100 mpaka 1000, ya siku nyingi, na juma hii kontroli ya glukozi (sampuli ya kuhakikisha, yenye kipimo kinachojulikana) imepanda karibu 10% juu ya kipimo chake, shefu akasema nipime pipeti. Nikaweka kikombe ku balansi (ya digiti ine, 0.1 mg), nikavuta maji ya distile mara kumi, wastani 986 mg, na namba zenyewe zinaruka tu, mara 991, mara 979, mara 990. Kuna kafunguo kalikuja ndani ya karto, nataka nizungushe ile visi ya kurekebisha pipeti mpaka balansi isome 1000 lakini naogopa. Tena mutu mumoja ananiambia ni sababu Goma iko juu, mita 1,500 hivi, pipeti za Ulaya huku zinapunguza. Ni kweli?

yaya_nguba (Bukavu)
Mudogo wangu, weka kafunguo chini kwanza. Balansi inasoma uzito, haisomi mikrolita, na kwa joto ya digri 22 unazidisha zile miligramu na kama 1.003, kwa hiyo 986 yako ni 989. ISO 8655, ile kanuni ya kimataifa ya pipeti, inaruhusu ya 1000 ikose mikrolita 8 juu ao chini, wewe umekosa 11, iko inje kweli, lakini ungezungusha mpaka balansi isome 1000 ungekuwa umepitisha tena 3.

Mimi kinachoniogopesha ni ile kuruka. Mutawanyiko unaoruhusiwa ni 3 na wako kwa macho tu unapita. Visi inasogeza namba zote pamoja, haiwezi kuzituliza. Pipeti inayoruka mara nyingi inapitisha hewa. Vuta 1000, ishike wima, usiguse kitu, hesabu mpaka 20 na uangalie ncha: kama tone linaanza kuvimba pale chini polepole, umepata mugonjwa. Kisha fungua koni, toa kamupira kanakozunguka pistoni, kageuze mbele ya dirisha. Yangu niliitafuta siku mbili, na ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, kwa kivuli huoni kabisa. Ukibadilisha pakaa grasi kidogo sana, ile inayokubaliwa na mutengenezaji wa pipeti.

labo_ruashi
Naongezea hapo kwa Yaya. Mambo ya kimo ni kweli lakini ni kidogo. Ndani ya pipeti kuna hewa kati ya pistoni na maji, maji yanaivuta chini, na pale hewa ya inje iko nyepesi ile ya ndani inalegea zaidi, basi yanaingia maji kidogo pungufu. Sisi Lubumbashi tuko mita 1,200 na tunaiona hiyo, lakini kuruka kwa 12 µl (mikrolita) kimo hakiwezi, kimo kinapunguza kila mara sawasawa.

Uliloanisha ncha kabla ya kupima? Vuta na urudishe mara 5, ndio uanze. Na maji yakae chumba kimoja na balansi saa mbili hivi, usitoe ku frigo ukapima, na pipeti usiikumbatie na mukono muda murefu sababu joto ya mukono inavimbisha hewa ya ndani.

Lakini jambo kubwa zaidi, 11 µl pungufu kwa 1000 ya reajenti (dawa ya kupimia) ni 1% tu, haiwezi kupandisha kontroli 10%. Na standa (maji ya glukozi ya kulinganishia) unaipima na pipeti hiyo hiyo, kwa hiyo kosa lenyewe karibu linajifuta. Standa ilifunguliwa lini? Standa ikiingia bakteria glukozi yake inaliwa, na wagonjwa wote wanatoka juu.

mutoto_wa_himbi
Yaya, tone lilivimba, hata sikufika 20! Nimebadilisha kamupira, nikaloanisha mara 5, leo napata 993, 994, 993, 995, zote kumi ndani ya 2 mg. Ukizidisha ni 996 mpaka 998, visi sikugusa. Aksanti sana sana. Standa naogopa kusema, chupa haina tarehe. Kesho asubui nafungua mupya. Na pipeti ya 10 naipima na balansi hii hii?

yaya_nguba (Bukavu)
Ya 10 hapana, kwa mara moja moja balansi yako haioni vizuri. Tia mara kumi ndani ya kikombe kimoja chenye kifuniko, upime jumla, inapaswa kukaribia 100 mg. Fanya haraka sababu maji kidogo yanakauka. Hiyo itakupa wastani tu, mutawanyiko hautauona, kwa huo omba labo yenye balansi ya digiti tano ao sita. Na chupa mupya andika tarehe juu yake kabla hujaifungua, mudogo wangu, na ku daftari andika 986 ya zamani pamoja na ya leo, usifute.