Mjadala: Vipimo vya DNA vya nyumbani, tuviruhusu au tuvizuie?

MgosiWaTanga
Wakuu, salaam. Kaka yangu anayeishi Minnesota ametangaza kwenye kundi la familia kwamba akija Desemba atatuletea vipimo vya DNA vya nyumbani. Ni vile vya kutema mate kwenye kichupa, unakirudisha kwa kampuni kwa posta, baada ya wiki kadhaa majibu yanaingia kwenye simu: asili yako ni asilimia ngapi ya wapi, ndugu zako wa damu waliomo kwenye orodha yao ni akina nani, na magonjwa gani uko hatarini kuyapata. Wadogo zangu wameshangilia. Baba mdogo amesema hatemi mate kwenye chupa ya mtu asiyemjua, na asiulizwe tena.

Naomba tujadili kwa dhati. Serikali zetu ziviache viuzwe duka la dawa kama vipimo vya mimba, au zivizuie? Ufaransa wamezuia; anayejipima kutafuta asili anaweza kutozwa faini ya yuro 3,750. Marekani wameachia. Sisi tusimame wapi? Kwa upande wangu naona viruhusiwe. Huku pwani kila mtu Mshirazi, eti babu katoka Uajemi, angalau tutamaliza ubishi.

Maabara_Dom
Mleta mada, mimi kazi yangu ni maabara, na kwa maoni yangu baba yako mdogo amewazidi hoja nyote. Mtu na mtoto wa kaka yake wanachangia takriban robo ya vinasaba. Mkitema mate nyie watoto wa kaka yake, kampuni itakuwa imemjua kwa kiasi kikubwa bila yeye kutia sahihi popote.

Mwaka 2018 polisi wa California walimkamata Joseph DeAngelo kwa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980. Hakuwahi kujipima. Ndugu wa mbali walikuwa wameweka vinasaba vyao kwenye tovuti ya kutafuta ukoo, polisi wakapanda mti huo mpaka wakamfikia. Kwa muuaji tunashukuru, ila njia ni hiyo hiyo kwa mtu yeyote. Kisha mwaka 2023 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye akaunti kama 14,000 za kampuni ya 23andMe kwa nywila zilizovuja kwingine, wakaondoka na taarifa za watu milioni 6.9, kwa sababu akaunti ya mmoja inaonyesha ndugu zake. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba kinga ya kufilisika mahakamani. Kampuni ya dawa ya Regeneron ikatoa dau la dola milioni 256, mwisho 23andMe ikachukuliwa kwa dola milioni 305 na taasisi ya mmoja wa waanzilishi wake wenyewe, Anne Wojcicki. Vinasaba vya wateja wapatao milioni 15 vilikuwa sehemu ya mali iliyokuwa ikinadiwa.

Kwa hiyo kabla ya kuruhusu au kuzuia, nijibuni hili: ridhaa ni ya mtu mmoja au ya ukoo?

Bint_Faza
Nimesoma mpaka "kila mtu Mshirazi" nikasimama hapo. Mgosi, ubishi gani unaotaka kuumaliza? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80, wengi wao kutoka miji sita ya zamani ya pwani, Mtwapa, Manda, Faza kwetu, Kilwa, Songo Mnara na kwingine, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wao walikuwa na damu ya Asia, na katika hiyo damu ya Asia, asilimia 80 mpaka 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Wazee wetu walisimulia haya miaka yote, Tarikh ya Kilwa imeandika, wasomi wakatwambia ni hadithi za kujikweza. Leo sayansi imesema, na bado mtu wa Tanga anatucheka.

Mwana_Same
Dada Bint_Faza, soma mstari uliotangulia huo ulioukariri. Utafiti huo huo unasema zaidi ya nusu ya damu ya wengi wa watu wale ilitoka Afrika, na hasa kwa mama zao. Bibi zako ndio waliokuwa na nchi, nyumba na lugha. Mbona bibi hatajwi? Kila nikikutana na mtu wa pwani ananitajia babu aliyekuja na jahazi. Sijapata kukutana na aliyenitajia bibi aliyempokea.

Halafu waliochimbwa ni akina nani? Wengi walizikwa karibu na misikiti, kwenye makaburi ya wenye hadhi. Wavuvi na watumwa wa Kilwa walilala wapi?

Bint_Faza
Usinipangie bibi zangu. Kwetu Faza nyumba ni ya mwanamke, bwana harusi ndiye anayehamia. Sihitaji mtu wa mlimani anifundishe kumheshimu mama yangu.

Mwana_Same
"Mtu wa mlimani." Haya. Nilikuwa nasubiri lini itatoka.

Kijana_Kahama
Jamani tulieni. Mimi nina swali dogo. Binamu yangu yuko Texas, Msukuma baba na mama, amepima, majibu yamemletea Kameruni na Kongo kwa wingi, Tanzania haionekani kabisa. Ukoo mzima umechachamaa, shangazi analia kwamba huenda walimchukua mtoto hospitali siyo wake. Hii inawezekanaje?

Maabara_Dom
Mpigie shangazi simu leo, umtulize. Kampuni haisomi kabila kwenye damu. Inachukua vipande vya vinasaba vyako inavilinganisha na vya watu walio hai iliowakusanya na kuwapa majina ya nchi. Kama Wasukuma hawamo kwenye mkusanyiko huo, utapewa jirani anayefanana nawe zaidi. Wasemaji wa lugha za Kibantu wametawanyika kutoka maeneo ya mpaka wa Nigeria na Kameruni kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo kufanana kupo kweli, ila binamu yako hajawahi kuwa Mkameruni. Hata ndugu wa tumbo moja hupata asilimia tofauti, kwa sababu kila mmoja amerithi nusu yake ya kila mzazi, na nusu hizo hazilingani. Na kampuni ikiongeza watu kwenye mkusanyiko, asilimia zako zinabadilika wewe ukiwa umekaa kitako.

Swali langu la ridhaa bado liko pale.

Said_wa_Maskati
Assalaam aleikum. Mimi nimezaliwa Maskati, wazazi walitoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964. Bint_Faza na Mwana_Same, mnacheza na moto msioujua joto lake. Kule kwetu neno Mshirazi halikuwa la chumba cha maabara. Lilikuwa kwenye jina la chama, Afro-Shirazi Party, mwaka 1957. Kulikuwa na Mtumbatu na Mhadimu waliojiita Washirazi wakiwa upande mmoja wa kura, na Washirazi wengine upande wa pili. Hao walikuwa na babu mmoja, siasa zikawagawa. Kipimo kingewasaidia nini? Mwaka wa mapinduzi mtu aliangaliwa uso, nywele na jina la baba. Angalau uso unaweza kubishaniwa. Mkimpa mtawala orodha ya asilimia, atasema ni sayansi.

Mwana_Same
Said, hapo umesema neno. Ila na Maskati nako watu wanaulizwa kabila kabla ya posa, au nadanganya?

Said_wa_Maskati
Hudanganyi. Na nimeumia nalo mwenyewe. Ndiyo maana nasema.

Mvita_Original
Kwetu Kenya jambo hili lilishafika kortini. Serikali ilipoleta Huduma Namba, yaani namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, sheria iliiruhusu kuchukua hata DNA za wananchi. Wanubi wa Kibera na wenzao wakaenda Mahakama Kuu, na Januari 2020 majaji wakasema kukusanya DNA na kuweka mahali mtu anapoishi kwa GPS ni kinyume cha katiba. Sasa ajabu yangu: serikali yako ukaikataza mahakamani, kisha kampuni ya ng'ambo unailipa wewe mwenyewe ichukue kile kile. Tanzania nanyi mna sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022. Itamfikia nani huko Marekani?

MgosiWaTanga
Nimerudi. Naona nimewasha moto kwa sentensi moja ya mwisho na kuhusu afya hakuna aliyegusa. Mama yangu ana kisukari, shangazi alifariki kwa saratani ya titi. Sitaki babu wa Uajemi, nataka kujua wadogo zangu wa kike wako salama au la.

Sista_Wodi
Kaka Mgosi, pole na shangazi. Nitakujibu kama muuguzi, na tafadhali wafikishie wadogo zako. Marekani mwaka 2018 waliiruhusu 23andMe kutoa majibu ya saratani ya titi kwa mabadiliko matatu tu ya jeni za BRCA, na mwaka 2023 wakaongeza yakafika 44. Yanayojulikana yanazidi elfu moja. Na yale matatu ya mwanzo yanapatikana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Dada yako wa Tanga akiletewa majibu "hakuna kilichoonekana" akafurahi na kuacha kujikagua, kipimo kitakuwa kimemdhuru kuliko asingepima. Hiki ndicho kinachonikosesha usingizi. Majibu mabaya humleta mtu hospitali. Majibu mazuri ya uongo humlaza nyumbani mpaka uvimbe ufike kwapani.

Hatari ya kisukari nayo inakadiriwa kwa tafiti ambazo, kufikia mwaka 2016, asilimia 81 ya watu waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na wenye asili ya Kiafrika kama asilimia 3. Kadirio hilo halikutengenezwa kwa mwili wa mama yako. Kwake pima sukari, presha na figo. Wadogo zako waende kliniki waseme wazi kwamba shangazi alifariki kwa titi na alikuwa na umri gani. Historia hiyo ya mdomo ina thamani kubwa kwa daktari.

Kijana_Kahama
Sasa Sista, kama hatumo kwenye tafiti, si ndiyo sababu ya kutema mate kwa wingi ili tuwemo?

Sista_Wodi
Tuwemo, naam, lakini kwenye tafiti zetu. Profesa Ambroise Wonkam wa Kameruni alipendekeza mwaka 2021 zisomwe jenomu, yaani vinasaba vyote, za Waafrika milioni 3. Hapo kuna kamati ya maadili, kuna mtu wa kukaa na wewe akueleze majibu. Kwenye kichupa cha posta unaelezwa na simu, saa nane usiku, uko peke yako.

Dume_la_Mbegu
Mnazunguka tu. Vipimo hivi vinapingwa kwa sababu moja, wanawake wanaviogopa. Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake hupima DNA za baba na mtoto, akitoa takwimu zake kila mwanamume anaona idadi ya waliolea watoto wasio wao. Viuzwe hata sokoni.

Mama_Watatu
Dume, ulisoma takwimu au ulitumiwa picha yake? Wanaofika kwa Mkemia Mkuu ni wale ambao tayari wana mgogoro, wamepitia ustawi wa jamii, mahakama au wakili. Ukisimama mlangoni mwa gereji ukahesabu magari mabovu, utasema nchi nzima haina gari zima. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 iliweka utaratibu huo kwa sababu nyuma ya kila sampuli kuna mtoto. Wewe unataka mtu aparuze mdomo wa mtoto wa miaka sita usiku, mama hajui, majibu yaje kwa simu, asubuhi mtoto hana ada wala jina. Mimi mume wangu alinipeleka. Watoto wote ni wake. Ndoa haikurudi kuwa ndoa.

Dume_la_Mbegu
Kama ni wake, kwa nini uliumia? Mtu safi haogopi kipimo.

Mama_Watatu
Niliumia kwa sababu mwanangu mkubwa alielewa tunakwenda kufanya nini.

Said_wa_Maskati
Dada, Mungu akupe subira. Ndugu Dume, katika dini yetu mtoto ni wa kitanda cha ndoa, na mwenye kumkana ana njia nzito ya kiapo mbele ya kadhi. Wazee hawakuwa wajinga wa mambo ya watu. Walijua siri zipo, wakaamua kumlinda mtoto kwanza.

Dume_la_Mbegu
Mambo ya kadhi pelekeni Maskati. Mimi nalea kwa jasho langu, nina haki ya kujua.

Mvita_Original
Haki unayo, ndugu. Nenda kwa njia ya sheria, mtoto awe na mtu wa kumsemea. Hakuna aliyekukataza.

Bint_Faza
Mwana_Same, kuhusu wavuvi na watumwa: nimerudi kuusoma utafiti. Wenyewe wameandika kwamba watu wa pwani wa leo wamechanganyika zaidi na watu wa Afrika na Asia baada ya hapo, kwa hiyo hawalingani na wale waliozikwa. Mmoja wa walioongoza kazi ile ni Mkenya, Chapurukha Kusimba, na ameichimba Mtwapa kwa miaka. Tuwaombe wachimbe nje ya kuta za miji pia. Lakini neno "kujikweza" sitalikubali.

Mwana_Same
Sikulitumia mimi. Na hilo la kuchimba nje ya kuta nakuunga mkono.

Kijana_Kahama
Nimempigia shangazi. Ameuliza kitu kimoja ambacho sikuwa na jibu: binamu anataka kuoa, na mdogo wa huyo mchumba wake ana siko seli, yaani selimundu. Kipimo kile cha Marekani kinatosha kumwambia?

Sista_Wodi
Asitegemee hicho peke yake. Waende wote wawili hospitali, wapimwe damu ya selimundu, kipimo cha kawaida tu cha aina ya himoglobini. Wote wawili wakiwa wabebaji, yaani wana jeni ya ugonjwa bila kuugua wenyewe, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wazazi wengi hujua wakati mtoto ameshavimba vidole. Kama kuna kipimo cha kupigia kelele kiwe karibu na kila wachumba, ni hiki, na majibu yake hayahitaji kwenda Marekani.

MgosiWaTanga
Sista, wadogo zangu wamesoma hapa. Wawili wana wachumba, wanauliza hospitali ya Bombo hapa Tanga wanapima?

Maabara_Dom
Waende Bombo wakaulize maabara, na waende na wachumba wao. Na huyo kaka wa Minnesota mwambie, kama yeye tayari amejipima, aingie kwenye akaunti yake azime sehemu ya kuonyeshwa ndugu, na aombe sampuli yake iteketezwe. Afanye hivyo kabla hajapanda ndege, kwa sababu ya baba mdogo.