Unga wa bada, na kipi kinapita forodha

Kutoka: Mpwani wa Hamburg (kwa sasa Ngamiani, Tanga)
Jumatatu usiku

Asalaam alaykum ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa wote wa humu.

Niko nyumbani Tanga wiki ya tatu sasa, Ijumaa narudi Hamburg. Mama keshaanza kunifungia mizigo. Hapa sebuleni pana kapu la machungwa ya Muheza, makopa (muhogo mkavu) kilo nne, ng'onda wa kuwatosha wapangaji wote wa ghorofa yetu kule, chupa mbili za samli, na nazi nane ambazo kila moja aliitikisa sikioni kwanza asikie maji yake. Nikamwambia, mama, mie nimepewa kilo 23 za begi na basi. Akanijibu, "Sasa nguo za nini? Ulaya hakuna nguo?"

Naomba mnisaidie, kipi kinapita na kipi kinabaki? Safari iliyopita, uwanja siutaji, afisa alinipangulia begi lote mezani mbele ya watu. Samli na kababu za mama zikaishia kwenye pipa. Kababu zile zilikaangwa alfajiri ya siku ya safari. Sijamwambia mama mpaka leo, anajua tulizila.

La pili ni bada, ule ugali wetu wa unga wa makopa. Kule nimelitafuta mpaka nimechoka. Nilinunua paketi ya unga wa muhogo kwenye duka la Waasia, nikachemsha maji, nikasonga. Likawa gundi. Nilipoinua mwiko, sufuria nayo ikainuka. Mume wangu akasema tulibandikie mabango.

Nina jingine, si swali hasa. Jana mama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, akamtuma binti yangu (ana miaka tisa) akamletee koroma uani. Mtoto akaleta dafu. Akarudishwa, akaleta nazi. Akasimama pale na macho yake, "Bibi, si zote ni moja?" Mama akaacha kukuna, akamkalisha chini: hiki kilichodondoka kabla hata hakijawa kitu ni kidaka, hiki kitale, hili dafu unakunywa, hili koroma, nyama yake imeshaanza kukaza ila nazi bado, hii ndiyo nazi, na ukiikausha ni mbata. Kifumbu kiko mkononi muda wote, tui linadondoka kwenye sinia.

Kwa Kijerumani mtoto ana neno moja la vyote hivyo. Kama alivyo na neno moja la mpunga, mchele na wali. Usiku nikajiuliza, hivi mwanangu amepungukiwa na maneno, au amepungukiwa na shamba? Maana mtu hawezi kuhitaji neno koroma kama hajawahi kutumwa akalilete.

Haya, nijibuni la bada kwanza.

---

Kutoka: Binti Mbondei, Birmingham
Jumatatu usiku sana

Waalaykum salaam dada. Nimecheka hapo kwenye mabango mpaka mtoto kaamka.

Ulichonunua si unga wa makopa, ni wanga wa muhogo. Muhogo ule umekunwa, ukakamuliwa, kikachukuliwa kile cheupe kinachotuama chini peke yake. Utaujua kwa kuubana na vidole, unalia kama unakanyaga mchanga mkavu, na weupe wake ni wa chaki. Unga wa makopa una kijivu fulani, na ukiufungua unanusa uchachu kwa mbali.

Nenda duka la Waghana, ulizia kokonte. Wao nao hukausha muhogo juani kama sisi makopa, wanatwanga, wanachekecha. Mara ya kwanza nilipofungua ile paketi nilikaa chini jikoni. Harufu ilikuwa ya uani kwa bibi yangu Muheza, makopa yako juu ya bati na kuku wanafukuzwa.

Kupika ni kulekule. Maji yachemke, punguza moto, tia unga kidogokidogo huku unasonga bila kupumzika. Litaanza la kijivu halafu ligeuke kahawia linalong'aa. Hapo limeiva. Ukiliona bado lina weupeweupe, endelea, usimsikilize mtu mwenye njaa.

Usichukue gari (la kula, si la kupanda). Ile imekunwa ikachachushwa ikakaangwa, ni chakula kingine kabisa.

Na kisamvu, kwa kuwa najua utakiuliza. Kwenye majokofu ya maduka ya Wakongo kipo kilichotwangwa, kimeandikwa pondu au saka-saka. Usidanganyike kwamba kimeshaiva. Muhogo una sumu yake, wenyewe wakubwa walijua ndiyo maana kisamvu kinatwangwa kwanza na kuchemshwa muda mrefu, na muhogo mchungu hauliwi mpaka uloweke au uvundike na kukauka. Mimi kisamvu cha jokofu nakichemsha saa nzima bila kufunika, ndipo natia tui.

Tui la kopo soma nyuma. Ukiona nazi ni nusu na zilizobaki ni maji na vigandishi, liache. Nazi ya kukuna iliyogandishwa ni nzuri kuliko kopo, unatia maji moto unakamua kama kawaida, unapata tui zito na jepesi.

---

Kutoka: Babu Kikogwe, Copenhagen
Jumanne asubuhi

Marahaba wote.

Nimesoma hayo ya makopa na kuku juu ya bati, mazuri. Lakini nina neno, maana humu kila mwezi mtu analilia chakula cha asili. Asili ipi? Muhogo kwao ni Brazili. Wareno ndio waliouleta Afrika, karne ya 16. Mahindi nayo ni ya Amerika. Bibi yake Binti Mbondei angezaliwa mapema kidogo tu angekula mtama.

Msinikasirikie. Mimi mwenyewe ni Mtanga kwa sababu ya mmea wa kuja. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikapitia Hamburg hukohuko kwako binti yangu. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Mto Pangani, ndiyo jina ninalotumia hapa. Kutokana na hiyo 62 mkafunikwa mkoa mzima kwa mistari ya kijani, mpaka Korogwe, mpaka Morogoro. Miaka ya 60 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, tukawa wa kwanza duniani. Wakulima wa Ulaya na Marekani walifungia majani ya ng'ombe wao kamba zetu, mpaka nailoni ilipokuja ikatuvua nguo.

Mkonge unataka mikono, na Wabondei na Wadigo hawakuwa wajinga, walikuwa na minazi yao na mashamba yao. Kwa hiyo mikono ikaletwa kutoka mbali. Baba yangu aliletwa kutoka Songea. Aliitwa manamba, maana aliandikwa namba kabla hajaulizwa jina. Alikuwa na kipande, karatasi ya siku 30 za kazi, kila siku inapigwa alama. Kukata mkonge si mchezo, ile miiba ya nchani inatafuta jicho. Baba alikuwa na kovu chini ya jicho la kushoto na hakupenda kuulizwa.

Kila wiki walipimiwa posho. Unga wa mahindi, maharage, chumvi. Nawaombeni vijana mnaofanya kazi za ofisi mlitazame hilo neno. Leo mtu anakaa kwenye kikao, analala nusu yake, anasaini anachukua posho. Neno ni lilelile la pale dirishani pa kambi, mtu na mfuko wake wa unga. Na sembe hilo ndilo lililowazoesha watu wa kambini ugali mweupe. Watoto wa kambi tulikuwa tunawacheka wa kijijini kwa bada lao jeusi. Mama yangu alikuwa wa hapohapo, Mbondei, siku baba akiwa shamba anatusongea bada kwa siri. Baba akirudi ananusa sufuria.

Hilo la gari na kokonte nalo lina kisa chake, nalieleza kwa kuwa najua hamtalikuta kwenye paketi. Wajerumani walipanda Tanga mti wa mpira unaoitwa kwa kitaalamu Manihot glaziovii. Ni ndugu wa muhogo. Mwaka 1913 bei ya mpira ikaanguka kwa sababu ya mashamba ya Asia, miti ikaachwa. Miaka ya 30 pale Amani, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani hao mwaka 1902, mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Storey alikuwa anahangaika na maradhi ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia. Ule wa michirizi ni yeye aliyeuandika mara ya kwanza, mwaka 1936. Akauzalisha muhogo na ule mpira ulioachwa, kizazi baada ya kizazi, apate mizizi ya kulika yenye ukaidi wa msituni. Baadhi ya uzao huo ulipelekwa Nigeria, na miaka ya 70 watafiti wa Ibadan wakautumia kutengeneza mihogo iliyosambaa Afrika Magharibi.

Kwa hiyo ukikuta Wanigeria hapo dukani wamebeba mifuko ya gari, wasalimie vizuri. Huenda humo mna jamaa zetu wa Amani.

---

Kutoka: Kaka wa Bremen
Jumanne jioni

Shikamoo Babu. Nimelisoma lote kazini, bosi akadhani ni ripoti.

Dada, turudi kwenye begi. Mimi naeleza ya Umoja wa Ulaya, wa Birmingham wana sheria zao. Nyama na vitu vya maziwa kutoka Tanzania haviingii kabisa, hata kidogo, kwa hiyo samli na kababu zibaki kwa mama. Kula hukohuko. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, wabichi wawe wametolewa matumbo, wakavu hawana tabu, ng'onda wako watapita. Asali kilo mbili. Matunda na mboga mbichi tangu Desemba 2019 zinataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende, na lile duriani la Waasia. Maana yake nazi nane ruhusa ni yako na mgongo wako. Machungwa ya Muheza, pole.

Makopa ningekuwa mimi ningeyapeleka mashineni yasagwe. Unga haubishaniwi kama vipande vya mzizi. Iliki na mdalasini za Amani nimepita nazo kila mara. Mbegu za kupanda usibebe. Na ukiwa na shaka yoyote pita mlango mwekundu umwambie afisa mwenyewe. Kitu kikikataliwa utakipoteza tu, lakini kilichofichwa kinakuja na faini.

Halafu hilo ulilosema la mtoto na shamba. Sisi tulichukua kijishamba. Wajerumani wana bustani zao za kukodi pembezoni mwa mji, zina sheria ya mwaka 1983, kila kipande kisizidi mita za mraba 400. Unajiandikisha kwenye chama, unangoja. Sisi tulingoja miaka mitatu. Kodi ya mwaka ni ndogo, ila wanakagua, theluthi moja ya eneo lazima uwe umelima matunda au mboga, si majani ya kuchezea mpira tu. Nilipoambiwa hivyo nikasema hawa watu wananijua.

Usipande kitu kabla ya katikati ya Mei. Wana siku zao wanaziita za watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15, na jirani yangu mzee anaziheshimu kama sisi tunavyongoja masika. Mwaka wa kwanza nilimpuuza, kunde zangu zikaungua na baridi usiku mmoja.

Mwaka wa pili mchicha ulistawi, magotini. Tukaenda safari wikiendi moja. Kurudi, tuta tupu, jeupe. Yule mzee kwa wema wake alitung'olea magugu. Mchicha kwao ni gugu! Ameurundika vizuri pembeni, ameupangia na mawe. Mke wangu aliuokota, akauchambua, akaupika kwa tui, akampelekea sahani. Siku hizi anakuja kuuliza magugu yameshafika urefu gani.

---

Kutoka: Mpwani wa Hamburg
Jumapili

Nimefika salama ndugu zangu. Nimepita mlango mwekundu kama kaka alivyosema. Afisa alikuwa mwanamke, akafungua mfuko wa unga, akanusa, akakunja pua, akafunga. Ng'onda hakutaka hata niwafungue.

Nazi zilikuja tatu. Machungwa tuliyamaliza barazani Alhamisi, na majirani, maganda mpaka barabarani. Samli mama ameirudisha kabatini na amenuna kidogo. Makopa yalisagwa, yakatoka kilo tatu na kitu.

Binti yangu ametia nazi moja kwenye begi la shule ya kesho, anataka kuwauliza wenzake ina maji au haina kabla haijavunjwa. Nimemwambia mwalimu aulizwe kwanza, maana ni silaha ile.

Kokonte pia nimeipata, ili unga wa mama usiishe haraka. Binti Mbondei, hukusema, chumvi unatia?

---

Kutoka: Babu Kikogwe, Copenhagen
Jumapili, baada ya dakika mbili

Chumvi kwenye bada? Nipe namba ya mama yako.