Re: DD-214 ya marehemu ina jina la zamani, na wale wa pikipiki je?

Kutoka: Mdogo wa Marehemu, Fort Worth

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Taarifa ya msiba wa kaka mmeshaipata. Tunataka kumzika Alhamisi, DFW National, makaburi ya taifa ya wanajeshi kule Dallas. Jana ofisi moja imeikataa DD-214 yake, ile karatasi ya jeshi la Marekani ya kumaliza utumishi. Alipoingia jeshini aliandikisha majina yote matatu, la babu likiwamo. Alipokula kiapo cha uraia akaliacha la babu. Sasa karani anasema cheti cha kifo na DD-214 ni watu wawili tofauti, nilete uthibitisho. Uthibitisho gani? Simu ikakatwa. Hati ya uraia ninayo, ila ina jina jipya tu. Kampuni ya mazishi nayo inasema mpaka hilo liishe haiwezi kuomba askari wa kukunja bendera wala kuwaita Patriot Guard, wale wa pikipiki wanaosindikiza mazishi ya askari. Mama yuko njiani kutoka Voi. Amewaona wale wa pikipiki kwenye video na anawataka. Nani yamemkuta haya?

Kutoka: Dada wa Lowell

Pole sana mdogo wangu. Mafaili ya wanajeshi wa zamani yako St. Louis na jengo lile liliungua. Ya mjomba wa mume wangu hayakupatikana hadi leo. Wahi SF-180, fomu ya kuomba nakala za mafaili hayo.

Kutoka: Mstaafu, Killeen (kambi ya Fort Hood, ndiyo, ilibadilishwa jina na sasa imerudi kuitwa Hood)

Dada, usimtie mwenzio kiwewe. Moto ule ulikuwa Julai 1973. Uliteketeza mafaili ya jeshi la nchi kavu ya walioacha kazi kati ya 1912 na 1960, na baadhi ya wale wa anga. Marehemu alikuwa hajazaliwa. Tena SF-180 ya nini, na karatasi anayo mkononi? Hapa shida ni jina. Jina hurekebishwa kwa DD-149, fomu ya kuomba rekodi ya jeshi isahihishwe.

Kutoka: Dereva wa Masafa, Indianapolis

Mkuu, heshima yako, lakini DD-149 inakwenda kwenye bodi, na bodi hukaa miezi. Maiti itasubiri wapi, na nani atalipa? Sisi kwa shemeji yangu tulianza na bendera ya jeneza: fomu 27-2008, unaipeleka posta na bendera unapewa palepale. Posta ya kwanza walitutazama kana kwamba tumeomba ugali, ya pili wakatoa bila neno. Na Hood mwenye jina la kambi sasa si Hood yule jenerali wa zamani, ni mwingine.

Kutoka: Mstaafu, Killeen

Najua ni mwingine. Nimeishi hapa kabla hujapata leseni ya lori.

Kutoka: Mama wa Wichita

Jamani, mtoto wa watu amefiwa. Hao wa pikipiki nawajua, wametoka huku kwetu. Mulvane ni hapo tu kusini ya Wichita, na hapo ndipo American Legion Riders, waendesha pikipiki wa chama cha wanajeshi wa zamani, walipoanzisha jambo hili mwaka 2005. Mwanangu, huhitaji kampuni ya mazishi ikuitie. Ndugu wa marehemu anaweza kuomba mwenyewe kwenye tovuti yao. Hawatozi hata senti, na bila mwaliko wa familia hawaji, hapo hawana mzaha. Alipozikwa kijana wa kanisani kwetu walifika wazee wa ndevu nyeupe na vizibao vya ngozi, wakajipanga na bendera toka mlangoni hadi kwenye gari, jua la Kansas la mchana likiwapiga. Hakuna aliyeketi. Halafu mmoja mmoja akampa mama mtu mkono. Hawakumjua kijana yule wala hawakujua Bungoma iko wapi. Na si wote wanaendesha, kuna mama mmoja huja na gari dogo la familia na bendera yake.

Kutoka: Kijana wa Houston

Si hao waliokuwa genge la Harley wakipigana na waandamanaji?

Kutoka: Mama wa Wichita

Soma kwanza, mwanangu. Kuna kanisa la Topeka, Westboro, lililokuwa likienda kwenye mazishi ya askari na mabango ya matusi, likisema Mungu anaiadhibu Marekani. Waendesha pikipiki walisimama katikati, wakainua bendera ili wafiwa wasione mabango, wakavumisha injini wasisikie nyimbo zao. Kupigana hapana. Baba wa askari mmoja alilishtaki kanisa lile hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2011 akashindwa, majaji wanane kwa mmoja. Wakasema ni uhuru wa kusema. Ndiyo maana mpaka leo watu wanashukuru zile injini.

Kutoka: Mzee wa Taveta, Maryland

Nasoma haya moyo unauma. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma, akarudi na koti na malaria. Alipokufa tulimbeba sisi wajukuu, bendera hakuna, hata diwani hakuja. Pale Taveta makaburi ya wazungu wa vita vya kwanza yana majina na nyasi zinafyekwa. Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita je? Tume yenyewe ya makaburi ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi na Waafrika, hawakukumbukwa kwa usawa na wengine. Wakaomba radhi, lakini serikali zetu zimenyamaza.

Kutoka: Kijana wa Houston

Mzee, lakini nyumbani msafara upo. Mtu wa bodaboda akifa Kisumu unaona pikipiki mia, matawi ya miti, honi mpaka kaburini. Hawajazi fomu.

Kutoka: Dada wa Lowell

Na nusu yao bila helmeti. Msituletee hayo hapa. Mdogo wangu, mjane anasemaje? Maana bendera ni moja na anapewa yeye kwanza, si mama. Mwandaeni mama mapema, kwetu ilileta maneno mpaka arobaini ikapita.

Kutoka: Mdogo wa Marehemu

Asanteni nyote. Ombi kwa Patriot Guard nimelituma, wamejibu ndani ya saa chache, wanauliza saa na mahali pa kukutania. La jina bado. Karani wa leo si wa jana, naye ameniambia nipige kesho. Programu tumeichapa, kurasa nane.

Kutoka: Mstaafu, Killeen

Kurasa nane? Ndugu yangu, National hamwendi kaburini wala hakuna jukwaa. Mnasimama kwenye banda, mnapewa kama dakika ishirini, na nyuma yenu familia nyingine imeshapanga foleni. Askari wa heshima hawapungui wawili: watakunja bendera, tarumbeta ya Taps, wimbo wa kumuaga askari, itapigwa, basi. Hotuba za mashemeji, kwaya na historia ya ukoo zipelekeni kanisani Jumatano usiku. Na waambieni watu saa nne ni saa nne. Wale wazee wa pikipiki watakuwa wameshafika saa tatu.

Kutoka: Dereva wa Masafa, Indianapolis

Hapo nakubaliana na Mkuu. Nina mzigo wa Oklahoma Jumatano, nitateremka hadi Fort Worth usiku huo. Nani anapokea wageni, na lori niliegeshe wapi?