Kupiga picha ya Archaeopteryx: mwanga wa pembeni, urujuanimno au leza?

Mpenda_Visukuku
Wakuu, hatimaye kibali kimetoka. Nitakaa saa mbili mezani na bamba la jiwe lenye kisukuku cha Archaeopteryx, yule dinosaria wa kale mwenye manyoya kama ndege, bila kioo katikati, msimamizi wa mkusanyo akiwa karibu. Nataka manyoya ya bawa yaonekane hadi mihimili yake. Nibebe taa ipi? Zote tatu sitaziwahi.

Jiwe_Laini
Mwanga wa pembeni, mkuu. Manyoya mengi kwenye mawe ya Solnhofen, kule Ujerumani visukuku hivi vinakotoka, ni alama zilizobonyea kwenye chokaa miaka kama milioni 150 iliyopita, na rangi yake ni ileile ya jiwe. Ukimulika kutoka juu, yanapotea. Shusha taa mpaka ikaribie kulala na bamba: kila kifereji kinatupa kivuli, na unyoya unaibuka mbele ya macho yako. Mara ya kwanza kuliona hilo nilisahau kubonyeza kamera.

Ila angalia upande. Mwanga ukifuata urefu wa unyoya, unyoya unafifia, ukiukingama, unatokeza. Na bawa limetanuka kama vidole vilivyoachanishwa, kwa hiyo hakuna upande mmoja unaotosha. Funga kamera juu ya stendi, usiiguse tena, zungusha taa tu. Piga hata picha nane. Kwa ile utakayoonyesha watu, chagua mwanga unaotoka juu kushoto, maana ukitokea chini mashimo yanaonekana kama vilima.

Zambarau
Kuhusu alama nakubaliana na Jiwe_Laini, lakini bamba si alama peke yake. Walioisafisha Archaeopteryx ya Field Museum, Chicago, walitumia urujuanimno ili wasije wakakwangua tishu laini pamoja na jiwe. Utafiti wake ulitoka 2025, ukiwa na manyoya ya karibu na kiwiliwili ambayo hayakuwa yameonekana vizuri kwenye vielelezo vingine. Mifupa inang'aa, na gundi ya zamani mara nyingi inang'aa kwa rangi yake, hivyo utajua palipotengenezwa na mkono wa mtu. Zima taa za chumba na uvae miwani ya kinga. Weka filta ya kuzuia urujuanimno mbele ya lenzi, kwa sababu unachopiga ni ule mng'ao, si mionzi yenyewe.

Lenzi_Makro
Leza ina uwezo mkubwa. Unyoya mmoja wa mawe hayohayo ya Solnhofen, uliopatikana 1861, ulichorwa na mtaalamu wa visukuku Hermann von Meyer ukiwa na shina lake, kisha shina hilo likawa halionekani tena kwa macho. Mwaka 2019 leza ikalirudisha: lilikuwa limebaki kama kivuli cha kikemia ndani ya jiwe. Lakini inataka filta yake, giza totoro, na mkono uliozoea. Usiende kujifunzia juu ya kielelezo cha namna hiyo.

Msafiri_wa_Makumbusho
Kwa sisi tunaopiga nyuma ya kioo: flashi isahauni. Vaa nguo nyeusi, simama kwa mshazari kidogo, na filta ya polaraizi itapunguza mng'ao wa kioo.

Mpenda_Visukuku
Asanteni sana. Dakika 80 za kwanza ni mwanga wa pembeni, nikianzia bawa la kushoto. Urujuanimno nitautumia mwishoni, kichwani na miguuni tu, na leza inabaki nyumbani. Msimamizi ameshakubali taa zote mbili, ila ameomba ya urujuanimno isiwake muda mrefu mahali pamoja. Rula ya kipimo nitaiweka kando ya bamba, si juu yake.

Jiwe_Laini
Na iwe usawa mmoja na uso wa bamba, la sivyo kipimo kitakudanganya.