Naomba ushauri: redio ya masafa mafupi itakayohimili kelele za mjini

Ndugu wapenzi wa redio, ninaishi Chikongola, Mtwara mjini, ambako nyumba zimebanana, na kila jua linapotua redio yangu ya masafa mafupi hufunikwa na mvumo mzito, hasa kwenye bendi (mafungu ya masafa) za mita 31 na 25. Juzi nilichomoa kifaa kimoja baada ya kingine. Chaja ya simu ilipotoka, mvumo mmoja ulikatika papo hapo. Hata hivyo, baada ya kushusha swichi kuu na kutumia betri, kelele za kwa majirani zilibaki. Redio hiyohiyo nilipokwenda nayo Msimbati, ufukweni, ilisikika safi kwa antena yake ya kuvuta, kwa hiyo siamini kuwa ni mbovu.

Ninasita kati ya redio mbili za Tecsun, PL-330 na PL-880. Zote zina tundu la antena ya nje, na zote huruhusu kubana upana wa mapokezi, yaani ukubwa wa kipande cha masafa ambacho redio hupokea kwa mara moja, jambo linalosaidia dhidi ya kituo cha jirani, ila kelele iliyokaa juu ya kituo chenyewe hupita pamoja nacho. Ndiyo maana nawaza kwamba huenda fedha ikafaa zaidi kwenye antena ya kitanzi, inayoweza kugeuzwa ili kuipa kisogo kelele ya karibu.

Kwa aliyezitumia mjini, ipi inatulia zaidi? Na je, kitanzi kitafanya kazi dirishani penye nondo, chini ya paa la bati, au ni lazima nikipandishe nje juu ya mlingoti?