Naomba ushauri: vifungo viwili vya ulaghai vimepangwa kimoja baada ya kingine

Habari zenu wakuu, hasa mawakili mlioko humu.

Mdogo wangu alihukumiwa na hakimu hapa Mombasa kwa mashtaka mawili: kula njama ya kulaghai (kifungu cha 317) na kupata pesa kwa udanganyifu (313). Ni ploti ileile, mlalamishi yuleyule. Kila shtaka lina kifungo kisichozidi miaka 3, naye akapewa yote mitatu mitatu, kimoja kikiisha ndipo kingine kianze. Jumla 6, na ni kosa lake la kwanza! Karibu mwaka mzima alikuwa rumande akakosa dhamana, lakini hukumu inasema tu "kuanzia leo". Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai, kinachotaka muda wa rumande uzingatiwe kwenye kifungo, hakikuguswa kabisa.

Hatia hatupingi, ushahidi wa M-Pesa ulikuwa wazi. Shida ni adhabu. Siku 14 za kukata rufaa zimepita tukingoja nakala ya hukumu. Barua ya kuiomba ninayo, ina muhuri wa masjala. Wakili mmoja ametaja ada tusiyoiweza, mwingine akasema tuombe Mahakama Kuu ifanye mapitio tu (revision, yaani iikague hukumu ya hakimu bila rufaa).

Naomba kujua:

Tuombe ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, au mapitio yanatosha? Nimesoma kwamba aliyekuwa na haki ya rufaa asiitumie hasikilizwi kwenye mapitio.

Pili, tukipinga adhabu pekee, kuna uwezekano jaji akaiongeza, au hapo tayari imefika kikomo?

Asanteni.