Naomba ushauri: nyayo na manyoya ukingoni mwa Jozani

Assalam aleikum ndugu zangu. Marehemu babu alishikilia kuwa chui wa Unguja hajaisha. Jana, ukingoni mwa msitu wa Jozani, nimekuta nyayo topeni, hazina alama za kucha (chui huzificha akitembea), na manyoya yamenasa mwibani. Moyo ulinidunda!

Lakini naogopa yasinikute ya Himalaya. Mwaka 1951 mpanda milima Eric Shipton alipiga picha huko nyayo zilizodhaniwa za yeti, yule mtu-mnyama wa hadithi wa milimani, watu wakaamini. Mwaka 2017 vipimo vya DNA vya sampuli 9 zilizodaiwa kuwa za yeti vikaonesha 8 ni za dubu, moja ya mbwa.

Manyoya nimeyatia kwenye bahasha ya karatasi. Je, nikitaka kuchukua umbo la nyayo, plasta ya kufungia mifupa itashika kwenye tope bichi? Na manyoya niyapeleke wapi yapimwe? Wingu limetanda, naombeni jibu leo.